Saa Iliyozidi Ubaoni

Cedric Maltby alikuwa amekodisha viti vya turubai ufukweni Scarholme kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwona amekaa kwenye kimojawapo. Miguu yake haikujua kutulia. Akishavipanga safu mbili mbele ya gati, alivipanga upya. Kisha alizunguka akiokota vijiti vya aiskrimu, akaenda kwenye kibanda cha chai cha mkewe Noreen, akanywa nusu kikombe akiwa wima, akarudi kuvipanga tena. Noreen alikuwa na msemo wake kwamba yeye aliolewa na upepo, ila upepo angalau kuna siku hautoki nyumbani.

Kazi yake ya pili haikuwa na ujira. Kando ya ngazi za kushukia mchangani palikuwa na ubao mweusi, na kila asubuhi ya msimu Cedric aliandika hapo kwa chaki saa ya maji kupwa, na chini yake saa ya mwisho ya kurudi kutoka Ghuba ya Mjane. Kwenda ghubani ni kuizunguka kwa miguu rasi inayoitwa Pua, maji yakiwa mbali. Yakijaa, njia haipo tena. Mbele jabali, nyuma bahari. Halmashauri ya mji ilimwachia kazi hiyo kwa kuwa hakuwahi kukosea, na watu wa Scarholme waliuamini ubao wake kuliko saa ya kanisa.

Jumamosi ya Pasaka ilikuwa siku ya kwanza ya msimu. Pasaka huja nyuma ya mwezi mpevu, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayopwa mbali sana na kurudi mbio. Baridi ilikata masikio. Watu walikula chipsi ndani ya makoti, wameupa upepo mgongo, wakisema hali ya hewa si mbaya.

Kwenye saa nne na nusu, wanawake wawili waliokwisha kupita makamo walishuka ngazi wakiwa na kikapu. Walikuwa dada wa tumbo moja, Winnie na Hilda Oldroyd, wametoka Leeds kwa treni ya asubuhi. Hilda, aliye mdogo, alikuwa anatimiza miaka sabini siku hiyo.

"Kijana," Winnie akamwita, ingawa Cedric alikuwa na miaka sitini na moja, "mji wenu una nini cha kuona?"

"Inategemea mnapenda nini, mama. Kuna gati. Ndani ya gati kuna mashine za kuchezea sarafu."

"Hizo zilimla marehemu mume wangu akiwa bado hai. Nini kingine?"

"Kuna punda wa kupanda."

"Wangu nimekuja naye," Winnie akasema, akimtupia jicho dada yake.

"Mimi nina goti bovu tu," Hilda akajibu. "Masikio marefu ni ya upande wa baba, na uliyarithi wewe."

Cedric alicheka, akainamisha kichwa. Halafu akawaeleza habari za Ghuba ya Mjane, na alipofika hapo haya zikamtoka. Aliwaambia juu ya vidimbwi vinavyobaki kati ya miamba, kaa wadogo kama vifungo vya shati, viti vya pweza vyenye umbo la nyota na rangi ya chungwa, na pango ambamo ukitaja jina lako unalisikia mara tatu.

"Na goti hili?" Hilda akauliza.

"Polepole, nusu saa. Mradi mrudi kabla ya saa iliyoandikwa ubaoni."

"Saa nane na nusu," Winnie akasoma. "Aa, tunao wakati tele."

Wakaenda, wameshikana mikono kama watoto wa shule.

Kufika saa saba, Cedric alikuwa haeleweki. Kuhangaika kwake kwa kila siku mkewe alikujua, lakini huku kulikuwa kwingine, kama kwa ng'ombe anayenusa moshi. Alishuka hadi majini, akarudi. Alishika kiti, akakiacha kimekunjuliwa nusu. Nguzo za gati zilisimama mbili mbili kuelekea baharini, na yeye alizisoma kama watu wanavyosoma mishale ya saa. Kwa hesabu ya ubao, wakati huo maji yalipaswa kuwa bado yanalamba jozi ya mwisho kabisa, ile ya baharini. Yalikuwa yameshapita jozi ya tatu kutoka mwisho.

Ni upepo unayasukuma, alijiambia. Akaenda kibandani.

"Hii mara ya nne," Noreen akasema. "Na chai ni ile ile."

"Maji yana haraka."

"Si bamvua?"

"Hata bamvua lina saa zake, Noreen."

Akatoa mfukoni kitabu cha saa za maji kujaa na kupwa. Miaka yote alikinunua kwenye duka la chambo, lakini duka lile lilifungwa majira ya baridi, na safari hii Noreen alimnunulia kingine kwa muuza magazeti. Kitabu cha zamani kilitoa saa za majira ya baridi. Mwezi wa tatu ukiisha, Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, ilimbidi mtu aongeze saa moja mwenyewe kwa kila hesabu. Cedric aliiongeza bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya koti. Aliiongeza na asubuhi hiyo. Sasa akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma mpaka chini, kwenye maandishi madogo: saa moja ya kiangazi imekwisha kuongezwa.

Akakifunga kitabu.

"Nimeongeza mara mbili," akasema.

Noreen hakuhitaji kuelezwa. Aliweka birika chini. "Nani yuko huko?"

"Wale mama wawili. Mmoja ana goti."

"Nenda. Mimi napigia watu wa mashua ya uokoaji, kisha naufuta ubao."

Ilikuwa saa saba na robo. Njia ilibakiwa na robo saa, na mashua ingechukua zaidi ya hapo kushushwa majini. Cedric alikimbia mchangani, kisha juu ya mawe yenye utelezi, akaanguka mara mbili. Alipoizunguka Pua, maji yalikuwa yanamfika magotini.

Aliwakuta wamekaa juu ya mwamba, wamefungua kikapu, Hilda anamimina chai kutoka kwenye chupa.

"Karibu mkate wa yai," Winnie akasema.

"Inukeni, mama. Sasa hivi."

"Tuna saa nzima. Ubao umesema saa nane na nusu."

"Inukeni, nawaomba. Acheni kikapu."

Winnie akamtazama usoni, kisha akatazama nyuma yake, kule alikotoka. Akauacha mkate, akainuka. Cedric alichuchumaa, Hilda akampanda mgongoni, na Winnie akashika mkia wa koti lake kwa mikono miwili. Kwenye ncha ya Pua mawimbi yaliwapiga kiunoni. Baridi ilifanya pumzi isitoke. Winnie aliteleza, akazama hadi kidevuni, lakini koti hakuliachia. Masikioni mwa Cedric, Hilda alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, na alipofika mia moja na kumi, wakakanyaga mchanga mkavu.

Mashua iliwafikia wameshatoka. Watu walikuja na mablanketi. Kibandani, mtu mmoja mwenye kofia ya sufu alimpiga Cedric begani akasema mji huu una shujaa, na wengine wakapiga makofi.

"Si lazima useme sasa," Noreen akamnong'oneza. "Wapashe moto kwanza."

Cedric akasogea mlangoni, akarudi, akasogea tena.

"Saa ile ya ubaoni niliiandika vibaya," akasema. "Ilikuwa saa saba na nusu."

Makofi yakafa. Winnie alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi, nywele zimemgandama kichwani. "Kitabu kilikosea?"

"Kitabu kiko sawa. Ni mimi."

"Winnie," Hilda akasema, "mtu amekuja kutuchukua."

"Amekuja kuchukua alichokipeleka huko mwenyewe." Winnie hakupaza sauti. "Na kesho nani ataandika?"

"Si mimi. Jumanne, ofisi zikifunguliwa, nitakwenda halmashauri niwaambie."

"Jumanne utakuwa umeshapata maneno mazuri. Waandikie leo."

Noreen akampa karatasi na kalamu. Cedric aliandika akiwa ameinamia kaunta, polepole, midomo ikitembea. Mistari sita. Akampa Winnie, naye akaisoma yote.

"Umeandika tulilowa," akasema. "Maji yalinifika wapi?"

"Kidevuni."

"Basi andika hivyo."

Akairudisha karatasi. Cedric akakata neno lile, akaandika jingine juu yake.