Fundi wa Mususa Aliyezima Redio

Jumatano, tarehe 24 Desemba 2025. Mvua ilinyesha usiku kucha kati ya Beni na Oicha, na kulipokucha ikaacha ukungu uliokaa juu ya mashamba ya kakao hadi karibu adhuhuri. Kisha jua likatoka, barabara ikaanza kutoa mvuke, na tope likashika matairi ya gari la Amisi kiasi kwamba ilibidi wasimame mara kwa mara kulikwangua kwa panga.

Ndani ya gari hilo alikuwamo Syauswa, fundi wa kushona wa Mususa, mjini Butembo. Ana zaidi kidogo ya miaka hamsini, amefiwa na mke, watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa. Alikuwa anakwenda Oicha kumchukua dada yake mkubwa, Marie-Jeanne, ambaye humwita yaya, kabla ya Noeli. Habari zilizokuwa zikitembea Beni wiki ile hazikuwa nzuri. Watu wa porini, yaani waasi, walisemwa kwamba hupenda kushambulia siku za sikukuu. Syauswa alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia dada yake, akayarudia moyoni njia nzima, na Amisi aliyekuwa kwenye usukani alijua ndiyo maana abiria wake hajibu kitu.

"Quatre-à-un, umelala?"

"Niko nawaza."

"Waza mbio mbio. Saa kumi na moja basoda banafunga barrière, na mimi gari yangu hapana lala Oicha." Alimaanisha kizuizi cha askari barabarani.

Jina hilo, Quatre-à-un, yaani nne kwa moja, lina asili yake. Mwezi wa pili mwaka 1998 Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso, na Kongo ikakutana na wenyeji kugombea nafasi ya tatu. Syauswa alikuwa kijana, kwao kijijini Luofu, mwenye redio ndogo ambayo mawe yake, yaani betri, yalikuwa yanakata roho. Fainali ilikuwa kesho yake. Burkina Faso ilipofikisha goli la nne, Kongo ikiwa na moja tu na mchezo ukielekea mwisho, aliizima redio ili mawe yamfikishe kwenye fainali. Akatoka nje, akawaambia vijana waliokuwa wakisubiri ukutani, "Quatre à un. Wametupiga." Kila mtu akaenda kulala na uchungu wake.

Kesho yake lori la kununua maharage likapanda kutoka Butembo. Juu ya magunia matupu alikuwa amekaa kijana mpakiaji, Amisi wa Beni, anaimba. Wakamwuliza anaimba nini siku ya msiba.

"Musiba gani? Si tulishinda!"

Kongo ilikuwa imerudisha magoli matatu katika dakika za mwisho kabisa, nne kwa nne, kisha ikashinda kwa penati. Amisi akauliza ni nani aliyewaambia wameshindwa, na vidole vyote vikamwelekea Syauswa. Tangu hapo Amisi hakumwita tena jina alilopewa na baba yake. Jina jipya likamfuata hadi Butembo, na wateja wengine wa Mususa hawajui kama ana jingine. Yeye hujitetea kwa jambo moja tu: zile penati zilikwisha nne kwa moja, tena kwa faida yetu, kwa hiyo uongo wake haukuwa mkubwa sana.

Lakini kilichobaki naye miaka yote si aibu. Baada ya kicheko cha siku ile alianza kuwawazia wale wengine, wachezaji wa Burkina Faso. Walikuwa nyumbani kwao, mbele ya mama zao, magoli matatu mbele. Walirudije majumbani? Nani alizungumza wa kwanza mezani? Kwa kuwaza hivyo akawa mtu wa Burkina Faso, yeye ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Kasindi ulio karibu. Akimpima mteja suruali, huku ameshika utepe, humsimulia jinsi timu hiyo ilivyokwenda Kombe la Afrika mara ya kwanza mwaka 1978, nchi ikiitwa bado Haute-Volta, ikapigwa mechi zote tatu. Jinsi ilivyofika fainali mwaka 2013 ikafungwa na Nigeria goli moja tu. Na jinsi mwaka 2022, kwenye nafasi ya tatu tena, ilivyoongoza magoli matatu kwa sifuri, Cameroun ikayarudisha yote na kuichapa kwa penati. Hapo huacha kupima. Kombe lenyewe hawajalibeba hata mara moja.

"Fundi, mbona haupende Nigeria, ao Cameroun, benye kubeba makombe?" mteja mmoja alimwuliza.

"Bale beko na batu bengi ba kubawazia," akajibu, na kuandika kipimo cha kiuno.

Basi siku ile ya mkesha wa Noeli walifika kwa Marie-Jeanne kama saa nane. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ni mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Mume wake alikufa zamani kwa ugonjwa. Katika nyumba ile alibaki na mwanawe Kakule, na Kakule alikamatwa na watu wa porini shambani kwenye kakao, mwezi wa sita mwaka uliopita, pamoja na wengine sita. Wanne wamekwisha kuonekana: wawili wafu, wawili wazima, waliotoroka na kutokea barabarani miguu imevimba. Kakule hajaonekana, si mfu wala mzima.

Syauswa alisalimu, akakaa, maneno yake yote yakapotea. Amisi, ambaye hana subira, aliingia ndani akatoka na matela, godoro la mwenye nyumba, akaanza kuifunga kwa kamba juu ya gari.

"Amisi, iyo matela inaenda wapi?"

"Butembo, Mama Kakule. Na weye juu yake, kama reine, malkia kabisa."

"Weye ulinizaa?"

Amisi akacheka, lakini akaendelea kufunga kamba. Dada akamgeukia mdogo wake. "Syauswa, mutoto ya mama. Njo weye ulimutuma?"

"Yaya, ni mimi. Hapa si pa kukaa. Ku Mususa kuko chumba, kuko kanisa karibu. Nakuomba."

Dada alikwenda dirishani ilipokuwa redio yake, imefungwa waya mrefu uliopanda hadi kwenye mti wa avoka. Syauswa alijua habari za redio hiyo. Kila siku saa kumi, redio ya hapo Oicha husoma majina ya watu waliotoka porini, walipo na nani wa kwenda kuwachukua. Marie-Jeanne hununua mawe kabla ya chumvi.

"Leo Burkina yako inacheza, sivyo?" alisema. "Na Guinée Équatoriale. Nilisikia ku matangazo. Kaa usikilize. Mais lakini saa kumi, redio ni yangu. Na goli ikiingia, usipige kelele. Huku mutu akipiga kelele, batu banakimbia na batoto mugongoni."

Syauswa alielewa kwamba dada yake anavuta muda. Alielewa pia kwamba yeye mwenyewe anakubali kuvutwa. Alikaa karibu na dirisha, na sauti ya Kifaransa kutoka Casablanca, kwenye Kombe la Afrika, ikaja na kwenda kama mtu anayeongea upande wa pili wa mto. Amisi alikaa kwenye mlango wa gari akitazama jua. Kipindi cha kwanza kikaisha bila goli. Mwanzoni mwa cha pili Guinée Équatoriale, yaani Guinea ya Ikweta, wakabaki kumi, mmoja ametolewa kwa kadi nyekundu, lakini farasi wa Burkina, kama wanavyoitwa, hawakupata mlango.

Saa kumi Marie-Jeanne alifuta mikono kwa kitenge, akazungusha kifungo cha redio. Casablanca yote ikazimika. Msomaji wa majina alisoma polepole, kila jina mara mbili. Siku ile yalikuwa matano. Mwanamke wa Mbau. Watoto wawili wa nyumba moja. Mzee. Kijana mmoja, na hapo mwiko ambao Marie-Jeanne alikuwa ameushika tena ukasimama hewani; lakini kijana alikuwa wa Eringeti na jina lake jingine. Baadaye yakafuata matangazo ya misa ya usiku iliyosogezwa hadi kesho asubuhi kwa sababu ya usalama, na ya mbuzi aliyepotea.

Alibaki amesimama, mgongo umeelekea watu. Kisha akamrudishia Syauswa mechi yake kwa mkono wake mwenyewe. Guinée Équatoriale, watu kumi, walikuwa wanaongoza moja kwa sifuri.

"Ah, bamekwisha!" Amisi alisimama. "Dakika zimebaki za kunywa maji tu. Quatre-à-un, funga. Twende. Mama Kakule, leta chungu, nitaibeba vizuri."

"Yaya, tafazali," Syauswa alisema.

"Ile siku ya Luofu," dada alimwuliza, "sababu gani ulizima?"

"Si unajua. Mawe ilikuwa inaisha."

"Na ulikuwa unafikiri Kongo iko na nafasi?"

"Hapana. Dakika zilikuwa kidogo."

"Ehe. Banaweza kucheka weye miaka yote, mais ulikuwa na akili, kila mutu angezima." Alisema hivyo bila hasira. "Sasa mimi njo munaniomba ile ile. Nizime. Nipande gari. Kakule akitoka kesho, bakisoma jina yake, nani atasema 'mama yake ni mimi'?"

Mambo mengi ya kweli Syauswa angeweza kuyasema: kwamba mpira ni mpira na panga ni panga, kwamba kaburi la pili halitamrudisha mtoto, kwamba yeye pia hana dada mwingine. Yote aliyaona kuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la alichoulizwa. Akainuka, akaenda kwenye gari, akaanza kufungua kamba za matela.

"Unafanya nini?" Amisi akamshika mkono. "Una kichaa? Leo? Noeli?"

"Enda, ndugu yangu. Barrière itafungwa. Mimi nalala hapa."

"Na nibaambie nini batoto bako?"

"Waambie niko kwa yaya."

Amisi alitazama barabara, akatazama jua, akatukana kwa Kilingala. Kisha akamsaidia kushusha matela, akamkumbatia, akaondoka akipiga honi mara mbili.

Vumbi halikuwapo la kutua, ni tope tu. Syauswa alirudi dirishani. Muda wa kawaida ulikuwa umekwisha, walikuwa wanacheza zile dakika za nyongeza, na mtangazaji alikuwa amekwisha kuanza kusema kwa sauti ya kufunga duka. Ghafla sauti yake ikapanda. Burkina Faso wamesawazisha. Syauswa alijifunika mdomo kwa viganja viwili. Hakuwa amevitoa bado sauti ilipopanda mara ya pili, ikapasuka, ikapotea kwenye mkwaruzo, ikarudi: mbili kwa moja. Fundi akazunguka uani kimya, magoti juu, mikono mdomoni, kama mtu aliyeungua ulimi, hadi akajikwaa kwenye kinu na kukaa chini katika maganda ya ndizi.

Marie-Jeanne alicheka. Alicheka akijizuia, kwa pua, mabega yanatikisika, machozi yakamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Syauswa kusikia kicheko hicho tangu mwezi wa sita wa mwaka uliopita.

"Na Amisi yuko barabarani," alisema alipopata pumzi. "Anaenda kuambia Beni yote bamepigwa."

Walikula sombe kabla giza halijaingia. Ndipo Syauswa akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga njiani.

"Bale wawili benye kutoroka, balitokea wapi?"

"Mbele kidogo ya hapa. Basoda bakabapeleka Beni."

"Wote banapelekwa Beni?"

"Wote. Huko njo banaandikwa, banapata dawa."

"Basi, yaya, Butembo ni mbali, nilikosea. Mais Beni? Redio ya huku inasikilika?"

Marie-Jeanne alitazama waya wake uliopanda mtini. "Ukiweka waya murefu."

"Nitaweka."

"Na mimi nitakaa na nani, Beni? Na Amisi na bibi zake?"

"Na mimi. Mashine ya kushona ina miguu ine tu, gari inaibeba. Batu ba Beni banavaa suruali pia."

Marie-Jeanne alikusanya sahani. Alijua chumba cha kushonea cha Mususa kilichochukua miaka mingi kupata wateja, na alijua kwamba Beni yenyewe si mahali pa kulala usingizi mzito. "Redio ijue kwanza mahali nitakuwa," alisema hatimaye. "Redio ikijua, nitatoka."

Asubuhi ya Noeli, kabla ya misa, Syauswa alimpigia Amisi simu. Amisi alianza kwa kumpa pole nyingi kwa ajili ya Burkina, kwamba tayari amewaambia watu wote wa parking. Syauswa alimwacha amalize. Kisha akamwambia matokeo, akamwambia pia kuhusu mashine, na Amisi, upande wa pili, akaanza kutafuta jina la kujiita.

Baadaye alivaa shati safi, akatembea hadi nyumba ndogo ya redio karibu na barabara kuu, kuwaambia dada yake atapatikana wapi Beni. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi akamwambia ni sikukuu, msomaji wa majina huenda akaja mchana, huenda asije, bora arudi kesho.

"Nitamungojea," Syauswa alisema, akapangusa ngazi kwa kitambaa, akakaa.