Mti wa Mwalimu Ulioinama

Mwalimu aliniachia mti wake kwa sababu nilikuwa na mimea kumi na mmoja na yote ilisimama wima. Yeye ndiye mwenye nyumba tunamopanga, na amestaafu, lakini hakuna mpangaji anayemwita jina lingine. Alikuwa anaenda Kisumu kukaa na binti yake aliyejifungua, miezi miwili. Mti wenyewe ni ule wa mpira unaopandwa ndani, wenye majani mapana yanayong'aa. Wenzake walimpa siku ya kustaafu, na kwa miaka tisa ulikuwa umekaa dirishani mwake katika chungu kilekile.

"Kikombe kimoja cha maji Jumapili, ukitoka kanisani," aliniambia. "Na usiusumbue."

Niliusumbua siku ya nne.

Mimea nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Niliona mzizi ukichungulia kwenye tundu la chini la chungu, na tangu hapo sikuweza kufanya kazi nyingine. Nilijiambia kwamba nauokoa. Ukweli ni kwamba nilitaka Mwalimu arudi aseme mimi ni hodari.

Nilinunua udongo wa msituni kwa mzee anayeuleta kwa magunia kutoka Kaptagat, nikauchekecha kwa chekeche ya unga, nikachanganya na mkaa uliopondwa. Nilichukua chungu kikubwa mara mbili ya kile cha zamani. Mizizi niliisuuza kwenye beseni hadi maji yakatoka safi, jambo ambalo hakuna video iliyoniambia nifanye. Shina lilikuwa limeinama upande wa dirisha. Nikalinyoosha kwa kijiti na uzi wa kufumia. Kisha nikapiga picha.

Ilikuwa Julai. Eldoret mwezi huo nguo hukaa kambani siku tatu, na udongo ule haukukauka kabisa. Majani yakalegea, nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Yakaanza kuanguka. Kila Jumamosi niliung'oa mti kuangalia kama mizizi imeshika. Haikuwa imeshika. Niliurudisha, nikashindilia udongo, nikanawa mikono. Kuangalia kulinituliza, na kutulia huko nilikuita utunzaji.

Wiki ya tano lilibaki jani moja. Nilikuwa nimesoma kwamba kupogoa husaidia, basi nikalikata shina katikati. Utomvu mweupe ulitiririka juu ya magazeti, nikaogopa. Nilikibeba kisiki na chungu chake nikakiweka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna anayepita.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kitalu cha miche kilicho njiani kuelekea Elgon View, nikamwonyesha muuzaji picha ya mti.

"Unataka unaofanana na huu?"

"Kabisa kabisa."

"Dada, huu ni mti, si pacha," alisema akicheka.

Nilichagua ulionyooka kuliko yote. Niliupanda katika chungu cha zamani cha Mwalimu, nikapangusa kila jani kwa kitambaa chenye maji.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tatu. Alisimama mlangoni mwangu, mkoba ungali begani.

"Huu ni wa nani?"

"Ni wako, Mwalimu."

"Wangu umeinama."

"Niliunyoosha."

Aliingia, akalishika shina kwa vidole viwili. "Miaka tisa umeinamia dirisha, wewe umeufunza adabu kwa miezi miwili? Uko wapi?"

Nilikuwa nimetunga majibu matatu na kuyakariri.

"Nimeuua," nilisema.

Nilimweleza yote, kuanzia beseni. Alisikiliza kama mtu anayesahihisha mtihani, bila kunikatiza, kisha akaniambia nitangulie. Nyuma ya tangi, buibui alikuwa ametanda utando ukingoni mwa chungu. Chini kidogo ya pale nilipokata, kwenye kisiki, palikuwa na ncha mbili nyekundu za machipukizi, ndogo kama punje za mchele. Nilinyoosha mkono nifukue kidogo nione mizizi.

"Acha!"

Niliurudisha mkono.

"Umekaa huku muda gani?"

"Wiki tatu."

"Na nani alikuwa anaushughulikia?"

"Hakuna mtu."

"Basi," alisema. Alikibeba chungu mwenyewe, ingawa ni kizito, akakataa nimsaidie. "Huo wako wa gwaride, kaa nao."

Hajaniachia mmea tena, ingawa hunisalimia vizuri. Mti wake nauona dirishani nikienda kuanika nguo. Una majani saba, na umeshaanza kuinama. Wangu umesimama wima katika kile chungu cha zamani, ambacho hakuwahi kukidai. Wiki iliyopita niliona mzizi unachungulia kwenye tundu la chini. Hadi leo asubuhi sijaugusa.