Umri wa Hekalu la Wahindi

Juzi katika ofisi ya komine, yaani serikali ya mtaa, hapa Rumonge nilimkuta mama muuza mawese akilitetea hekalu la zamani la Wahindi, ambalo huuzia barazani mwake. Lilikuwa libomolewe, isipokuwa likithibitika ni la wakati wa Wajerumani, ambao wazee hapa huwaita Wadachi.

“Iko ya Wadachi,” alimwambia karani. “Nyanya yangu alikuwa anaacha viatu pale mulangoni.”

Karani akavua miwani. “Mama, wakati wa Wadachi nyanya yako alikuwa na viatu?”

Foleni nzima ikacheka, na mama akacheka kuliko wote. “Basi aliingia na miguu yake hivyo hivyo. Ndiyo maana walimupenda!”

Karani akanigeukia. “Weye wa iniversite, iko ya lini?”

Nikasema kweli: huenda ni ya Wajerumani, huenda ni ya Wabelgiji, sijui, na sijaona anayejua.

Karani akashusha pumzi. “Basi hatubomoi mpaka tujue.”

Mama akapiga makofi ya shukrani. “Murakoze, mukubwa! Tusijue kabisa!”

Nimesomea historia, na sijawahi kuona kutojua kukilinda ukuta vizuri namna ile. Wasomi wenzangu, safari yoyote ya kuja Rumonge kulichunguza hekalu hili tuiahirishe.