Matumbawe ya Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu alipaka chokaa ukuta wa uani. Harufu yake mbichi ilipoingia chumbani, nikatoka nikakaa nje mpaka magharibi. Alidhani ni kifua, nikamwacha adhani hivyo. Ninyi nitawaambia.

Nilizaliwa Chovae, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, enzi za Mtaliani. Kila mwaka kabla ya Ramadhani msikiti wetu ulipakwa chokaa, na chokaa tuliichoma wenyewe. Kila nyumba ilileta kikapu cha matumbawe, yakapangwa juu ya kuni za mikoko, tanuu likawashwa. Nyumba isiyotoa matumbawe haikuhesabiwa katika jamaa ya msikiti. Sisi watoto tuliringiana, kila mmoja akidai ukuta mweupe zaidi ni wa matumbawe ya kwao.

Safu ya mbele msikitini ilikuwa ya Bwana Lali. Alitangulia kufika, akachelewa kutoka, na dua ikisomwa alilia kabla wengine hawajaitikia amina. Baba yangu, Shali, alisali nyuma karibu na mlango. Aliwahi kuwa mpishi wa Mtaliani mmoja Kismayo, akarudi na maneno machache ya lugha yao, na watu wakimtania kwa hayo. Mimi nilijivunia maneno yale kuliko bangili zangu.

Mwaka mmoja askari walikuja kutafuta vijana wa kupeleka kazi ya lazima mashambani, huko bonde la mto Juba. Vijana wetu walikuwa wamefichwa kwenye mikoko nyuma ya kisiwa. Askari walikwenda moja kwa moja wakawatoa. Mtoto wa Bwana Lali peke yake aliachwa siku ile ile, tukaambiwa ni mgonjwa, na jamaa wakamshukuru Mungu. Wengine kadhaa hawakurudi tena.

Ijumaa iliyofuata Bwana Lali alisimama akasema kuwa ndani ya jamaa mna mfitini, na kwamba mwenye ulimi wa Kitaliani anajulikana. Mwalimu, aliyetusalisha na kutusomesha Kurani chuoni, hakutaka kuhukumu kwa dhana. Akaniita, Bwana Lali akiwa ameketi kando yake. Nilikuwa na miaka tisa, na siku ya askari nilikuwa nimemfuata baba kwa mbali.

"Siku ile babako kanena na askari?"

"Naam, Mwalimu. Kwa Kitaliani. Nao wakicheka."

Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe. Bwana Lali alinipa tende, nami nikaila.

Kesho yake kikapu chetu kilirudishwa mlangoni. Waliyatoa matumbawe yetu moja moja katika tanuu lililokwisha pangwa. Baba aliyatazama, akaingia ndani. Tangu hapo tukatengwa. Mama akisalimu kisimani, wanawake walijitia kufunga kamba za ndoo. Baba akitaka kuvuta mashua yake nchi kavu, hapakutokea mkono wa kumsaidia. Mtu ni watu, husemwa, na baba yangu alinyang'anywa watu. Hakuniuliza kamwe nilisema nini kwa Mwalimu.

Alifariki kabla ya Ramadhani ya pili. Walikuja kumsalia, maana faradhi ni faradhi. Nilikuwa nyuma ya ua wa makuti nikamsikia Mwalimu akiwauliza, kama ilivyo ada, wanamshuhudiaje marehemu. Walinyamaza. Mwisho Mwalimu alijijibu mwenyewe kwa Kibajuni chetu, "Mchu mwema," yaani mtu mwema.

Miaka mingi baadaye, nami nina watoto wangu, Bwana Lali aliugua ugonjwa wa mwisho, akaniita.

"Mimi ndimi niliyewaonyesha askari njia ya mikokoni," alisema. "Wangalimtwaa mwanangu. Babako aliwaendea kuwaombea vijana, nami nilikuwapo. Wakamcheka. Nipa radhi, mwanangu."

Basi kile kicheko nilichokipeleka chuoni kwa furaha kilikuwa cha kumdhihaki baba yangu, mtu pekee aliyethubutu kwenda kuwaombea watoto wa wenzake. Sikumpa radhi. Niliinuka nikaenda zangu, na bado sijui kama nilifanya vema.

Alikufa akazikwa siku ya tatu baada ya hapo. Nilisimama nyuma ya ua, Mwalimu mpya akauliza wanamshuhudiaje marehemu, na jamaa wote wakajibu kwa sauti moja, "Mchu mwema." Ukuta wa msikiti ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu. Nilipokuwa mtoto waliniuliza, nikawaambia kweli nisiyoielewa. Siku ile nilikuwa naielewa, na hakuna aliyeniuliza.