Mwami Aliyewapa Watu Mgongo

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kuni, huko milimani Masisi, hakuna mtu aliyenichosha kama Mwami Mgongo, mtemi wetu wa kale, naye alikuwa amekufa karibu miaka mia kabla sijazaliwa. Alikuwa babu wa babu zetu. Koko, bibi yangu mzaa mama, alimsimulia kila jioni mpaka maharage yakaungua.

Mwami huyo alikata kesi akiwa amewapa watu mgongo. Alidai uso wa mtu ni mwongo, sauti ndiyo shahidi. Uzeeni, wateka watumwa walipovamia, raia wake wote walikimbia, yeye akabaki kitini, uso ukutani. Walifyatua bunduki, hakugeuka. Wakadhani ni mzimu, wakatimka bila kuchoma kitu. Tangu hapo ukoo wetu uliamini kwamba vita vikija, mmoja wetu akibaki ameupa mlango mgongo, nyumba haiungui.

"Koko, nani alimupikia?" niliuliza siku moja.

"Funga kinywa, mutoto! Mwami haulizwe mambo ya chakula."

Vita vikaja. Kijiji kizima kilishuka kuelekea Goma, magodoro kichwani. Koko akavuta kiti chake, akaupa mlango mgongo.

"Mama, twende, batu bote bameisha kwenda!" Mama alilia.

"Muende. Mi nabakia."

Mama alimvuta mkono, akamkemea, akampigia magoti. Ukaidi ule! Hadi leo nikiukumbuka nakereka. Risasi zilipokaribia, Mama alimwachia chungu cha maharage, akatusukuma njiani huku analia.

Tulikaa miezi mjini Goma kwa binamu ya Mama, Mapendo, tumebanana chumba kimoja. Njia ilipofunguka, mjomba alipanda kumtafuta Koko. Aliporudi alisema kijiji chote ni majivu, nyumba yetu peke yake imesimama. Alimkuta Koko kitini, amekufa, chungu kitupu.

Kwenye matanga mjomba alijivuna: "Amekufa sawa Mwami. Mwami na ye balimukuta kwa kiti, njaa imemumaliza."

Mama aliinuka, akatoka nje.

Kumbe wakubwa wote walijua! Walimsifu Mwami miaka yote, mwisho wake wakaumeza. Na Koko alijua kuliko wote. Ndiyo maana alinifunga kinywa. Watu huniambia imani ile ilitimia, nami sina la kubisha, maana nyumba ipo hadi leo, na bati lake na milango yake. Mjomba kila mara ananihimiza nikaione. Siendi. Mimi nilimtaka Koko.