Rejeta ya Siku ya Posa

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anasema "rejeta ni rejeta tu" ni Jumamosi moja, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na saba na akili ya mtoto wa miaka kumi. Na wewe umeyasema maneno hayohayo asubuhi hii, umesimama mbele yangu na simu mkononi na rejeta uliyoinunua miguuni, ukinionyesha video ya mtu anayebadilisha rejeta kwa dakika nane. Kaa chini. Boneti iache wazi, gari lako halitakimbia. Nisikilize kwanza, kisha ukaliharibu upendavyo.

Wakati huo nilipanga chumba Kaloleni, Arusha mjini, nikiuza vifaa vya umeme katika duka la mtu. Nilikuwa nimenunua gari langu la kwanza, otomatiki, kuukuu, limeshapita mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Rejeta yake ilivuja. Sikuitengeneza, niliizoea. Kila asubuhi nilijaza maji, na nyuma ya gari nilibeba dumu la lita tano, nikaona hayo ndiyo maisha. Jirani mmoja aliniambia nitie manjano ya unga yazibe tundu, nikatia manjano. Mwingine akasema yai. Nikatia yai, mwanangu, na gari likanuka wiki nzima hadi wapangaji wenzangu wakalalamika. Usicheke, maana wewe umeniambia umetia sabuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakusema uzibe kwa yai.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Aneth, binti wa mwalimu mstaafu wa Akheri, kule milimani juu ya Tengeru. Tulikuwa tumeelewana kwa miaka miwili, na nilimpenda sana, sina sababu ya kuficha. Siku ya posa ikapangwa: Jumamosi, saa nane mchana, wazee wangu waende kwa wazee wake. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo msemaji angekuwa baba mkubwa, akifuatana na shangazi yangu. Baba mkubwa alikuwa ameshapata gari la kukodi. Nikakataa. Siku kama hiyo kijana mwenyewe hana hata haja ya kuonekana, lakini mimi nilitaka gari langu lionekane likipanda kwenda Akheri, na majirani wa kina Aneth wachungulie. Huo ndio ulikuwa ujinga wenyewe, mengine yote ni watoto wake.

Alhamisi nikampelekea gari Mzee Shabani, fundi wa miaka mingi pale Kaloleni, mtu wa Tabora aliyezeekea Arusha. Nikamwamkia, akaitikia, akainama chini ya boneti kwa muda mrefu hadi nikaanza kutazama saa.

"Rejeta hii imekwisha," akasema. "Usiitie tena kitu. Niachie gari mpaka Jumatatu nikutafutie ya otomatiki. Gari kama hili, rejeta inapoza maji na inapoza mafuta ya gia pia. Ukikosea hapo unaua gia boksi."

"Mzee, Jumamosi wazee wangu wanakwenda kuniposea."

"Basi waende na gari la watu, mwanangu. Mke haposwi na gari."

Niliondoka nimenuna. Niliona mzee anataka tu kunichelewesha. Ijumaa nikaenda kwenye maduka ya spea zilizotumika, nikapata rejeta ya gari aina ileile, ukubwa uleule, ila ya gari la gia za mkono. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama gari langu si otomatiki. Nikamjibu hivyohivyo ulivyonijibu wewe leo: rejeta ni rejeta tu.

Niliifunga mwenyewe uani, na kwa kweli ilikaa vizuri. Maji hayakuvuja hata tone. Lakini zilibaki paipu mbili nyembamba za chuma, zinatoka kwenye gia boksi, hazina pa kuingia. Mtu mwenye akili angejiuliza zilikuwa na kazi gani. Mimi nilikata kipande cha mpira wa maji, nikaziunganisha moja kwa nyingine, nikakaza kwa klipu, nikafunga boneti. Mafuta mekundu yaliyomwagika wakati nafungua niliyafukia kwa mchanga ili mwenye nyumba asiyaone. Kuyarudishia kwenye gia boksi hakukunijia akilini.

Jumamosi tukaondoka mapema. Baba mkubwa alikaa mbele na koti lake la kanisani, shangazi nyuma na zawadi magotini. Kutoka mjini hadi Tengeru barabara inateremka sehemu kubwa, na gari likaenda vizuri, nami nikawa naongea bila kupumua. Tulipoiacha barabara ya Moshi na kuanza kupanda, injini ikaanza kulia huku gari likizidi kupunguza mwendo. Nikakanyaga zaidi. Likalia zaidi. Kisha likasimama, na nilipoachia breki likarudi nyuma.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua," akasema shangazi.

Nikashuka. Ule mpira wa maji ulikuwa umelainika kwa joto ukachomoka, na mafuta ya gia yalikuwa yanateremka barabarani kurudi Tengeru. Unajua nilifanya nini? Nilichukua dumu nikataka kujaza maji kwenye rejeta. Rejeta ilikuwa imejaa pomoni. Ndicho kitu pekee nilichokijua, kujaza maji.

Simu ikaita. Alikuwa Aneth, ananiuliza tumefika wapi. Ilikuwa inakaribia saa nane. Nikamwambia, "Tumeshapita Tengeru, dakika kumi tu." Baba mkubwa akanitazama. Akasema, "Mwambie tumeharibikiwa. Waje watuchukue, hapa si mbali kwa gari." Nikasema nitarekebisha sasa hivi. Kutembea hatukuweza, kwa sababu shangazi alikuwa na maumivu ya magoti na kile kilima kisingemwacha salama.

Saa nane na nusu akapiga tena. "Tunakunja kona," nikasema, nimelala chini ya gari na mpira uleule mkononi. Saa tisa akapiga mara ya tatu. "Tunaliona geti." Baba mkubwa alikwenda kukaa juu ya jiwe kando ya barabara, akavua koti lake, akalikunja vizuri. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu iliishia kwenye lile jiwe.

Tulifika saa kumi na moja, kwa pikapu iliyotoka kushusha ndizi sokoni. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Baba yake Aneth, mzee mstaarabu, alitukaribisha, tukapewa chakula kilichopoa. Akamwambia baba mkubwa kwamba gari ni chuma, huharibika, na kwamba tutapanga siku nyingine. Nikarudi mjini nimefarijika. Nilidhani yamekwisha.

Jumatatu gari likaburutwa hadi kwa Mzee Shabani. Alitazama zile paipu zangu, akatazama kile kipande cha mpira, akakirusha pembeni. Gia boksi ilikuwa imekufa. "Ulikuwa hujui," akaniuliza, "au ulikuwa hutaki kuuliza?" Akazishika zile paipu mbili. "Mtu akimaliza kufunga kitu na vingine vimebaki, kazi haijaisha. Hilo halihitaji ufundi kulijua." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilivunjika hadharani.

Jioni hiyo Aneth akaja dukani. Nikaanza kumweleza habari za siku mpya ya posa.

"Siku hiyo ni baba aliyewapa," akasema. "Mimi sijatoa."

"Aneth, kwa sababu ya gari?"

"Gari lingeungua lote nisingejali. Ningekuja mwenyewe kwa miguu kumsaidia shangazi yako. Mara tatu umeniambia mnafika. Mara tatu nimetoka jikoni nikawatangazia baba zangu na shangazi zangu kuwa wanafika. Mara mbili wakasimama, wakajipanga kuwapokea wageni. Mara ya tatu hakusimama mtu. Waliniangalia mimi."

Nikamwambia niliona aibu. Akasema anajua, na kwamba aibu yangu nilimpa yeye aibebe mbele ya ukoo mzima. Kisha akaniaga kwa heshima, kama mteja aliyekosa alichofuata. Nikamwomba baba mkubwa aende kwa wazee wake kunisemea. Akaniuliza akaseme nini, wakati alikuwa ameniambia niseme ukweli tangu simu ya kwanza. Mwaka uliofuata Aneth aliolewa na mtu mwingine. Mke niliyenaye ni mke mwema, namshukuru Mungu kwa ajili yake, na hadithi hii anaijua yote. Lakini sitakudanganya, mwanangu. Kwa miaka mingi nilimlaumu yule mwalimu, nikimwambia kila aliyenisikiliza kwamba alininyima binti yake kwa sababu ya umaskini. Mzee wa watu alikuwa amenikubali.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike, maana nimechoka kuona vijana wakirudia upumbavu wangu wakiwa na simu nzuri kuliko yangu. Hiyo rejeta ya gari la gia za mkono irudishe ulikoitoa. Tafuta ya otomatiki kama gari lako, mpelekee fundi, kila paipu irudi mahali pake, na mafuta ya gia yaliyopotea yajazwe na kupimwa kabla hujatoka barabarani. Usichokijua, uliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukikwama njiani, sema umekwama, tena utaje mahali ulipo, hata kama anayekupigia ndiye unayetaka akuone mkubwa kuliko watu wote. Mtu anaweza kumsubiri aliyeharibikiwa mpaka jioni. Mimi sikumpa Aneth nafasi ya kunisubiri.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimeshindwa" mapema, akupe na watu ambao wakisikia hivyo watainuka kuja kukuchukua. Nenda salama, mwanangu.