Safia Anajichoma Kwanza

Haya nimeyapata kwa Safia mwenyewe, jirani yangu wa hapa Kasongo, juma lililopita, siku ya soko, tukichambua sombe, majani ya muhogo, barazani kwake. Alikuwa akiongea huku anainuka kila mara kutazama njia, maana Safia hajui kukaa.

Saa moja asubuhi. Ndani ya labo ya hospitali, anakopima damu, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, Safia anajichoma kidole. Anadondosha tone la damu kwenye kioo chembamba, anatia tone la dawa ya kuinyima damu hewa, aliyoikoroga sasa hivi, anafunika kwa kioo kidogo zaidi, anaziba pembeni kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie. Kisha anangoja, na kungoja ndiko kunakomshinda. Anafagia palipofagiwa. Anapanga chupa zilizopangwa. Mwishowe anainamia mikroskopi.

"Yangu imepinda," anasema. "Dawa iko muzima. Muite wa kwanza."

Damu ya mtu ina chembe za mviringo. Mwenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, chembe zake hupinda kama mundu, hukwama njiani, na mtoto analia mifupa. Hawezi kuupata kwa mzazi mmoja: nusu inatoka kwa baba, nusu kwa mama. Safia ana nusu moja tu. Haumwi, lakini damu yake ikinyimwa hewa, inapinda. Ndiyo maana anaipimia dawa. Ikikataa kupinda, kosa liko kwenye dawa, si kwa mgonjwa.

Mshahara haumtoshi, analima mpunga upande wa Lusangi kama wengine. Hilo halimkoseshi usingizi. Kinachomkosesha ni Ramadhani iliyopita.

Ramadhani ile, shangazi yake, jina lake Binti, alimwambia, "Weye mwanangu, unafunga na unajitoboa damu kila siku? Funga gani hiyo?" Safia akaona aibu. Akaacha kujichoma mchana.

Ndipo akaja Placide, mkulima wa kijiji cha Wamaza, na mkewe Chimène, na binti yao Yvette aliyevimba vidole. Mtoto akapimwa kwa kaseti ya kipimo cha haraka, zile za msaada zinazowekewa watoto tu. Akaonekana ana SS. Wazazi wakapimwa kwa kioo. Asubuhi ile Chimène akaonekana ana nusu. Placide alikuwa amekwenda sokoni kununua chumvi, akarudi adhuhuri imepita. Unga wa dawa ulikuwa umebaki kidogo. Safia akauhurumia, akatumia dawa ileile ya asubuhi.

Damu ya Placide ikakaa mviringo.

"Baba Yvette, kwako hakuna kitu," Safia akamwambia.

Placide akafikiri. "Mama, si ulituambia nusu kwa baba, nusu kwa mama?"

"Ndiyo."

"Basi ile nusu ingine mutoto aliitoa wapi?"

Mlangoni watu walikuwa wamejaa, wote masikio. Safia akawaambia Placide na mkewe warudi kesho. Placide akamtazama mkewe, akachukua kofia yake, akatoka. Chimène akamfuata na mtoto mgongoni.

Jioni, saa ya kufuturu, Safia akauacha uji wake. Akarudi labo akainusa ile dawa. Ikiwa nzima inanuka kama kiberiti kilichozimwa, lakini sasa haikunuka kitu. Akajichoma. Damu yake, ambayo haijawahi kumdanganya, ikakaa mviringo kama ya Placide. Dawa ilikuwa imekufa kwa kukaa tangu asubuhi, na jibu alilompa yule baba lilikuwa bure.

Akampigia simu. Haikushika. Akapiga tena na tena, akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Kulipokucha akamweleza mkubwa wake wa kazi. Mkubwa hakumkaripia. Akampa ruhusa, na mikroskopi ya zamani, ile yenye kijioo cha kukamata mwanga wa jua. Safia akaifunga kwa kitenge pamoja na unga wa dawa uliobaki, akapanda pikipiki ya Faradji, mbeba abiria.

"Mama Safia, umebeba nini hapo, mutoto?"

"Endesha tu."

"Kama ni mutoto, huyu analala vizuri. Ni weye ndiye hautulii. Unanipiga magoti tangu tutoke."

Huko Wamaza walimkuta Chimène amekaa nje juu ya mafurushi, Yvette mapajani, anangoja kaka zake waje kumchukua. Sufuria zake zilikuwa zimetupwa uani. Aliyezitupa ni mama mkwe, Ernestine.

"Nilikosea," Safia akasema kabla hajapewa kiti. "Dawa ilikuwa imekufa. Nimekuja kupima tena."

Ernestine akapiga makofi. "Sikieni! Jana kweli, leo kweli ingine. Kesho utatuletea kweli gani? Mwanangu hana damu ya kuchezea!"

"Basi nichomeni miye kwanza. Placide, shika sindano. Yangu isipopinda, narudi kwetu, na usiniamini tena."

"Si umefunga?" Chimène akauliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Ikiharibika nitailipa." Baadaye shehe alimcheka, akamwambia tone la kupimia halivunji funga. Lakini siku ile Safia hakujua hivyo.

Safia akakoroga dawa mpya, Placide akamchoma. Kisha, polepole, akanyoosha kidole chake mwenyewe.

Vioo viwili vikiwa vinangoja, wingu likaja. Kijioo cha mikroskopi kikawa giza. Safia akatazama juu, akatazama njia, akatazama juu tena. Placide akasema shamba linamngoja, akachukua jembe.

"Kaa hapo, baba," Faradji akamwambia. Akasogeza pikipiki, akawasha taa, akaielekeza kwenye kijioo. Mashine ya pikipiki ikatikisa meza hata vioo vikacheza. Wakageuza kinu, wakaweka mikroskopi juu ya kitako chake.

"Tazama ya kwangu," Safia akasema.

Placide akainama. "Iko kama mundu."

"Sasa tazama ya kwako."

Akakawia pale chini. Jembe lilikuwa bado mkononi. Alipoinuka hakumtazama mtu.

"Mama," akamwambia Ernestine, "ile nusu ingine ni ya kwangu."

Safia akamgeukia Ernestine. "Naye aliipata kwa mzazi wake, baba ao mama. Tukuchome na weye, bibi?"

Ernestine akakunja vidole ndani ya ngumi. "Waachieni wazee damu yao," akasema, akaenda kuokota sufuria.

Chimène hakufungua furushi.

"Usiku muzima uliniita malaya, mutoto anasikia," akamwambia mumewe. "Sasa unaniita nani?"

"Chimène."

"Ndilo jina langu. Sikia basi. Dawa za Yvette, kila mwezi ni weye utamupeleka Kasongo, si miye. Ukikosa mara moja, nakwenda na sitarudi."

"Nitamupeleka."

Kaka zake walipofika akawapa maji na wali, akawarudisha walikotoka. Furushi akaliingiza ndani vilevile, limefungwa.

Usiku Safia akalala kwao, chumba cha pili. Yvette alilala mapema, mguu wake juu ya mguu wa mama. Safia akawa anawaza wengine aliowapima mchana wa Ramadhani ile. Kesho ataanza kuwaita, mmoja mmoja, hata kama ni kwa miguu. Na akipata nguvu, anataka kila labo, Kasongo na Kabambare, iwe na mtu mwenye nusu, wa kujichoma kwanza, na watoto wapimwe wangali wachanga, kabla baba na mama hawajaanza kutazamana vibaya. "Miye nitazeeka," aliniambia. "Sasa nani atachomwa?"

Ukuta ulikuwa wa udongo, maneno yakapita.

"Placide."

"Ee."

"Kidole kinauma?"

"Kidogo."

"Vizuri."

Pumzi ya mmoja ikawa nzito, kisha ya mwingine. Safia akageukia ukuta, akageukia mlango, akageukia ukuta tena, na hapo usingizi ukamchukua.